Ukali wa UVIKO-19 kwa mtu anayeambukizwa tena

Maambukizi ya marudio ya UVIKO-19 ni hali ya mtu aliyekwisha kuambukizwa kirusi cha korona (SARS-CoV-2), akapona, kisha akaambukizwa tena na kirusi hichohicho au aina yake nyingine. Kwa walio wengi ugonjwa wa mara ya pili huwa mwepesi kuliko wa mara ya kwanza, na uwezekano wa kulazwa hospitalini au kufa hupungua sana. Hata hivyo hatari haiishi kabisa. Wazee, watu wenye kinga dhaifu na wale waliougua vibaya mara ya kwanza wanaweza kuugua vibaya tena.

Suala hili lina uzito wa pekee Tanzania na nchi jirani, kwa sababu watu wengi waliugua bila kupimwa na hawajui kama waliwahi kuambukizwa. Maneno mawili husikika mara kwa mara, na yote mawili yana kasoro. La kwanza: "Mimi korona nilishaumwa, hainipati tena." La pili: "Ukiipata mara ya pili ndiyo inayoua."

Namna ya kuyatambua

Si kila kikohozi kinachorudi ni maambukizi mapya. Baada ya mtu kupona, vipande vya vinasaba vya kirusi vinaweza kubaki puani na kooni kwa wiki kadhaa, na kipimo cha PCR huvinasa ingawa kirusi chenyewe kimekufa. Kwa sababu hiyo mamlaka nyingi za afya ziliweka kanuni ya siku 90: kipimo kikionyesha maambukizi siku 90 au zaidi baada ya kile cha kwanza, mtu huhesabiwa kuwa ameambukizwa upya. Nchi kadhaa za Ulaya zilitumia siku 60. Hii ni kanuni ya kurahisisha hesabu tu, kwani mtu anaweza kuambukizwa tena mapema zaidi.

Uthibitisho ulio imara hupatikana kwa kusoma vinasaba vya kirusi cha mara ya kwanza na cha mara ya pili na kuvilinganisha. Vikitofautiana vya kutosha, ni maambukizi mawili. Vikifanana, au cha pili kikionekana kuwa kimetokana na kile cha kwanza, huenda mgonjwa hakuwahi kupona. Mfano unaojulikana ni wa mwanamke wa Afrika Kusini mwenye umri wa miaka 36, aliyekuwa na VVU visivyodhibitiwa na dawa, ambaye kirusi cha korona kiliendelea kuonekana mwilini mwake kwa siku 216. Hayo yalikuwa maambukizi mamoja marefu, na katika muda huo kirusi kilikuwa kikibadilika humohumo mwilini.

Katika mazingira ya Dodoma na uwanda wa kati, ugumu wa kutambua ni mkubwa zaidi. Kati ya Juni na Septemba kuna baridi ya asubuhi, upepo na vumbi, na mafua na vikohozi huwa vingi hata bila korona. Masika yakija, homa na maumivu ya viungo huweza kuwa malaria. Mkazi wa Kizota au Chamwino anayesema ameugua korona mara tatu anaweza kuwa anasema kweli, lakini bila kipimo hakuna wa kuthibitisha wala wa kukanusha.

Visa vya kwanza kuripotiwa

Kisa cha kwanza kuthibitishwa kwa vinasaba kilitangazwa Hong Kong tarehe 24 Agosti 2020. Mwanamume wa miaka 33 aliyeugua kidogo mwezi Machi alikutwa na kirusi tena siku 142 baadaye, aliporejea kutoka Ulaya. Mara hiyo ya pili hakuwa na dalili yoyote. Aligunduliwa kwa sababu tu abiria walipimwa uwanja wa ndege.

Muda mfupi baadaye kikaja kisa kilichoonyesha kinyume chake. Katika jimbo la Nevada, Marekani, kijana wa miaka 25 aliambukizwa Aprili 2020, akapona, kisha akaambukizwa tena mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na mara hiyo akahitaji kuongezewa oksijeni. Nchini Uholanzi mwanamke wa miaka 89 aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu alifariki katika maambukizi yake ya pili.

Visa hivi vilienea haraka katika vyombo vya habari, na hofu nyingi ya "mara ya pili" ilianzia hapo. Visa vitatu vinaweza kuthibitisha kwamba jambo linawezekana, lakini havisemi linatokea kwa kiasi gani. Anayeugua sana ndiye anayekwenda hospitalini na kuandikwa, ilhali aliyepiga chafya siku mbili akaendelea na shughuli zake haingii katika jarida lolote. Ilibidi kusubiri tafiti za maelfu ya watu.

Kwa nini mara ya pili huwa nyepesi kwa wengi

Mfumo wa kinga hujilinda kwa ngazi zaidi ya moja. Ngazi ya kwanza ni kingamwili, hasa zile zilizo kwenye ute wa pua na koo, ambazo hukinasa kirusi kabla hakijaingia ndani ya seli. Kingamwili hizi hupungua ndani ya miezi kadhaa baada ya kupona. Isitoshe, kirusi hubadilisha umbo la miiba yake ya protini, hivyo kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya aina ya zamani hushindwa kuishika vizuri aina mpya. Ndiyo maana mtu huambukizwa tena.

Ngazi ya pili ni kumbukumbu. Seli B za kumbukumbu hutengeneza kingamwili mpya kwa haraka zinapokutana na kirusi kinachofanana na kile cha kwanza. Seli T nazo hutambua na kuua seli za mwili ambazo tayari zimevamiwa. Seli T hutazama sehemu nyingi za kirusi, pamoja na zile zisizobadilika sana, kwa hiyo aina mpya haizikwepi kirahisi. Kazi yao huchukua siku chache kuanza. Katika siku hizo mtu hupata mafua, koo kuwasha na homa, lakini ugonjwa huzuiwa kabla haujashuka mapafuni na kuleta nimonia. Yaani kinga dhidi ya kuambukizwa huisha mapema, na kinga dhidi ya kuugua vibaya hudumu muda mrefu zaidi. Msomaji akilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya takwimu zinazofuata itamwelea.

Magonjwa hutofautiana katika hili. Aliyeugua surua kwa kawaida hukingwa maisha yake yote. Homa ya dengi, iliyowahi kulipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, ina aina nne, na maambukizi ya pili ya aina tofauti huweza kuwa ya hatari kuliko ya kwanza, kwa kuwa kingamwili za zamani husaidia kirusi kuingia kwenye seli badala ya kukizuia. Mwanzoni mwa janga la korona wanasayansi walihofia jambo kama hilo. Tafiti za watu wengi hazikuonyesha korona ikienda kwa njia ya dengi.

Ndugu wa karibu zaidi wa kulinganisha nao ni virusi vinne vya korona vinavyoleta mafua ya kawaida, ambavyo vimezunguka duniani muda mrefu. Watu huvipata tena na tena maishani. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi, pwani ya Kenya, walikwisha kuonyesha kabla ya janga, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, kwamba watu wa familia za vijijini walipata kirusi kimoja cha kundi hilo, kiitwacho NL63, zaidi ya mara moja. Kwa waliofuatilia kazi hiyo, kurudi kwa UVIKO-19 halikuwa jambo la kustaajabisha.

Tafiti kubwa

Utafiti unaojibu moja kwa moja swali la ukali ulifanyika Qatar, nchi ndogo yenye wahamiaji wengi, wakiwemo Waafrika Mashariki, na yenye kumbukumbu za vipimo za taifa zima katika mfumo mmoja. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwishoni mwa 2021, yalihusu watu 1,304 walioambukizwa tena, wakilinganishwa na watu wa umri na jinsia ileile walioambukizwa mara ya kwanza. Uwezekano wa kuugua kiasi cha kulazwa au kufa ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 90 miongoni mwa walioambukizwa tena. Hakuna hata mmoja wao aliyefikia kulazwa chumba cha mahututi, na hakuna aliyefariki. Ikumbukwe kwamba wakazi wengi wa Qatar ni wafanyakazi vijana, kwa hiyo matokeo hayo hayaelezi vizuri hali ya wazee.

Tarehe 26 Novemba 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipa jina aina mpya iliyogunduliwa kusini mwa Afrika: Omikroni. Watafiti wa Afrika Kusini walikuwa wa kwanza kuona kwamba idadi ya wanaoambukizwa tena ilipanda ghafla, jambo ambalo halikutokea katika mawimbi ya Beta na Delta. Wataalamu wa Qatar walipopima upya, walikuta kwamba kuugua zamani kulizuia maambukizi ya Delta kwa asilimia 92, lakini ya Omikroni kwa asilimia 56 tu. Hata hivyo kinga dhidi ya ugonjwa mkali wa Omikroni ilibaki karibu asilimia 88.

Uchambuzi uliounganisha tafiti 65 kutoka nchi 19, uliochapishwa Februari 2023, ulithibitisha mwelekeo huo. Wiki 40 baada ya kuugua, kinga dhidi ya kuambukizwa aina ya kwanza ya Omikroni ilikuwa imeshuka hadi asilimia 36.1, lakini kinga dhidi ya kuugua vibaya ilikuwa bado asilimia 88.9.

Tafsiri ya utafiti wa St. Louis

Novemba 2022 kundi la watafiti wa St. Louis, Marekani, likiongozwa na Dkt. Ziyad Al-Aly, lilichapisha matokeo yaliyozua mjadala mkubwa. Walitumia kumbukumbu za hospitali za wanajeshi wastaafu: watu 443,588 walioambukizwa mara moja na 40,947 walioambukizwa mara mbili au zaidi. Walioambukizwa tena walikuwa na hatari ya kufa takriban mara mbili, na ya kulazwa takriban mara tatu, pamoja na matatizo zaidi ya mapafu, moyo na figo.

Magazeti mengi, na baada yake makundi ya WhatsApp, yaliandika kwamba maambukizi ya pili ni makali mara mbili kuliko ya kwanza. Utafiti haukusema hivyo. Haukulinganisha ugonjwa wa pili na ugonjwa wa kwanza. Ulilinganisha watu walioambukizwa tena na watu walioambukizwa mara moja wasiambukizwe tena. Maswali haya mawili ni tofauti, na majibu yake yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mtu aliyelowa kwa mvua kubwa, kisha akanyeshewa manyunyu, atakuwa amelowa zaidi ya yule aliyebaki ndani baada ya mvua ile ya kwanza. Hiyo haimaanishi kwamba manyunyu ni makubwa kuliko mvua.

Pia wanajeshi wastaafu wa Marekani wengi wao ni wanaume wenye umri mkubwa, na wengi wana maradhi mengine. Hatari yao haiwezi kuhamishiwa kama ilivyo kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Lakini kwa babu mwenye kisukari, takwimu hizo ni onyo la kweli: kuepuka maambukizi ya pili bado kuna faida hata kama alikwisha kupata ya kwanza.

Ugumu wa kulinganisha

Hata tafiti nzuri zina mitego. Waliofariki mara ya kwanza hawapo tena kuambukizwa mara ya pili, kwa hiyo kundi la "mara ya pili" lina watu waliokwisha kuthibitisha kwamba miili yao inahimili. Kisha, kati ya mara ya kwanza na ya pili wengi walichanjwa, hivyo si rahisi kutenga mchango wa chanjo na mchango wa ugonjwa wenyewe. Kirusi nacho kilibadilika: anayelinganisha Delta ya 2021 na Omikroni ya 2022 analinganisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Mwisho, maambukizi mengi ya kwanza hayakurekodiwa kabisa. Mtu akihesabiwa kuwa ni mgonjwa wa mara ya kwanza kumbe ni wa pili, tofauti kati ya makundi hupungua machoni pa mtafiti.

Walio katika hatari zaidi

Umri ndio unaotangulia. Utafiti wa Denmark uliochapishwa Machi 2021 ulikuta kwamba kuugua awali kuliwakinga watu dhidi ya kuambukizwa tena kwa asilimia 80.5 kwa jumla, lakini kwa wenye miaka 65 na zaidi kinga hiyo ilikuwa asilimia 47.1 tu. Wanaofuata ni watu wenye kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, mapafu au figo, wagonjwa wa saratani walio kwenye matibabu, na wenye VVU ambao hawatumii dawa au dawa hazijafanya kazi vizuri. Mwenye VVU anayemeza dawa zake kila siku, na ambaye wingi wa virusi umeshushwa, yuko katika hali bora zaidi.

Ukali wa mara ya kwanza nao ni dalili ya kutazamwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotumia kumbukumbu za karibu watu 213,000 walioambukizwa tena, na kuchapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba takriban asilimia 27 ya waliohitaji hospitali kwa ugonjwa mkali mara ya kwanza walihitaji hospitali tena mara ya pili. Kwa walioumwa kidogo mara ya kwanza, takriban asilimia 87 waliumwa kidogo tena. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba sababu zilizomlaza mtu mwanzo, yaani umri na maradhi aliyonayo, bado anazo.

Hali ya Tanzania na Kenya

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Hadi utoaji wa takwimu ulipokoma mwanzoni mwa Mei mwaka huo, watu 509 walikuwa wamethibitishwa na 21 walikuwa wamefariki. Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vya maabara ya taifa, na mwezi Juni alitangaza kwamba nchi iko huru na korona. Kwa zaidi ya mwaka mmoja hapakuwa na takwimu rasmi. Mapema mwaka 2021, wimbi jingine lilipopita, watu walizungumzia "changamoto ya upumuaji" na "nimonia", na kujifukiza kwa nyungu kulikuwa jambo la kila nyumba.

Matokeo ya pengo hilo kwa mada hii ni dhahiri. Ili kusema mtu ameambukizwa tena, lazima pawe na kumbukumbu ya mara ya kwanza. Aliyeugua mwaka 2020 bila kipimo, akapimwa na kukutwa na Delta mwaka 2021, kitabuni ni mgonjwa mpya. Kwa hiyo Tanzania haina hesabu yake yenyewe ya maambukizi ya marudio ya miaka ile inayoweza kulinganishwa na ya Qatar au Denmark.

Kenya inatoa mwanga kidogo. Watafiti wa KEMRI na washirika wao walipima kingamwili katika damu ya wachangiaji damu. Katikati ya mwaka 2020 walikuta takriban asilimia 4 hadi 5 wameshaambukizwa. Kati ya Januari na Machi 2021 idadi ilikuwa imefika asilimia 48.5, yaani mara nyingi zaidi ya waliothibitishwa kwa vipimo vya hospitali. Kama karibu nusu ya wachangiaji damu walikuwa na kingamwili mapema 2021, basi wengi walioambukizwa katika mawimbi ya Delta na Omikroni walikuwa wanaambukizwa mara ya pili bila kujua. Umri mdogo wa watu wetu pamoja na kinga hii ya kuugua zamani ni kati ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini wimbi la Omikroni halikujaza wodi kama wimbi la Delta.

Lakini kuambukizwa kwa wengi hakuzuii wimbi jipya. Mji wa Manaus nchini Brazili ulikadiriwa kuwa na asilimia 76 ya watu walioambukizwa kufikia Oktoba 2020. Januari 2021 aina ya Gamma ililipuka hapo, na hospitali zikaishiwa oksijeni.

Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuunda kamati ya wataalamu, Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen tarehe 24 Julai 2021, na yeye mwenyewe alichanjwa hadharani siku nne baadaye. Baadaye zilitumika pia Sinopharm, Pfizer na Moderna. Wengi waliokuwa wamekwisha kuugua waliuliza kwa nini wachanjwe. Jibu la tafiti ni kwamba kinga inayotokana na kuugua pamoja na chanjo, ambayo huitwa kinga mseto, huwa imara na hudumu kuliko ya mojawapo peke yake. Kuutafuta ugonjwa makusudi ili kupata kinga, kama baadhi ya vijana walivyokuwa wakishauriana, ni kununua kwa bei ghali kile ambacho zahanati ilikuwa inatoa bure.

Dalili zinazodumu

Baadhi ya watu hubaki na uchovu, kukosa pumzi, usahaulifu au mapigo ya moyo kwenda mbio kwa miezi mingi baada ya kuambukizwa. Hali hii, inayoitwa UVIKO ya muda mrefu, inaweza kuanza pia baada ya maambukizi ya pili. Ofisi ya takwimu ya Uingereza iliripoti Februari 2023 kwamba miongoni mwa watu wa miaka 16 na zaidi, asilimia 4.0 walieleza kuwa nayo wiki 12 hadi 20 baada ya maambukizi ya kwanza, na asilimia 2.4 baada ya ya pili. Uwezekano umepungua, lakini ni uwezekano mpya kila mara: aliyepona vizuri mara ya kwanza hana hakika ya kupona vizuri mara ya pili.

Wakati wa kwenda hospitali

WHO iliondoa hali ya dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi bado kinazunguka. Kwa mtu mzima mwenye afya, maambukizi ya marudio kwa kawaida hutibiwa nyumbani kwa kupumzika, kunywa maji ya kutosha na dawa ya kushusha homa. Viuavijasumu havisaidii, kwa kuwa haviui virusi. Mwenye homa anayeishi penye malaria apimwe malaria pia, asikisie. Dalili zinazotaka mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, iwe ni mara ya kwanza au ya nne, ni kupumua kwa shida au kwa haraka akiwa amekaa, kifua kubana, midomo kugeuka rangi ya buluu au kijivu, kuchanganyikiwa, na homa iliyorudi baada ya kuonekana amepata nafuu. Kwa mzee au mwenye kisukari ni vyema kwenda mapema, hata kabla ya dalili hizo, na kumweleza mhudumu tarehe na ukali wa ugonjwa wa awali kama inakumbukwa.